Kompyuta Iliyotokea Mlango wa Uani

Bi Mwanabaraka alianza kusema kabla mashua haijafika ng'ambo.

"Laila mwanangu, unakwenda kujichosha bure. Yule Shadya wa kituoni keshaiua kompyuta. Kachomeka mawaya yake, sasa daktari wa Mkoani haoni hata ukucha."

Laila alicheka kidogo, mkono tumboni. Bi Mwanabaraka ni jirani yake wa Kojani, ukuta kwa ukuta, na maneno yake nusu huwa ya kweli. Tabu ni kujua nusu ipi. Leo Laila hakutaka kubahatisha. Safari iliyopita nesi aliingiwa na shaka kuwa kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia ya mtoto. Kama ndivyo, asingerudi tena kisiwani: damu ikianza na maji yamekupwa, nani atamvusha? Ingebidi akae kwa wifi yake Mgogoni mpaka avyae, ajifungue salama. Kama sivyo, angerudi leo leo kwa mama yake. Wa kusema ni daktari, na daktari yuko Mkoani. Humtazama mama mjamzito kwa mtandao, huku nesi akiipitisha mashine ya picha tumboni.

Katika kituo cha afya walimkuta Shadya amepiga magoti chini ya meza, buibui amelikusanya kiunoni, ushungi umejaa vumbi. Msichana wa watu, hana mume wala mtoto. Alisomea kompyuta mjini Chake Chake, akarudi kwao kufanya kazi.

"Karibu dada Laila. Nisamehe, naona haya hata kukutazama."

"Haya ya nini? Umeiua kweli?"

"Haijafa. Imepotea njia."

Nesi Asya akaguna. "Tangu asubuhi tunaambiwa hiyo njia."

Shadya akachomoa waya unaotoka kwenye mashine ya picha. Mtandao ukarudi palepale. Akauchomeka, picha ya tumbo ikaja kwenye kioo, daktari akapotea. Akachomoa, akachomeka. Laila, keshalala kitandani, alimwona midomo inavyomcheza kama anayesoma dua. Hakufoka, hakumtupia mtu lawama. Akaandika amri ya kuiuliza kompyuta: ukitoka kwenda kwa daktari, unapita wapi? Mistari ikashuka kiooni. Akaisoma, akajipiga paji la uso.

"Lahaula! Ni mie."

"Weye vipi?"

"Tazama dada. Nyumba ina milango miwili. Wa mbele unatokea barabarani. Wa uani unaishia jikoni, mbele yake ua wa makuti. Na hii kompyuta ni vivyo hivyo: mlango mmoja wa mtandao, mmoja wa mashine ya picha basi. Nilipofunga huu waya, palikuwa na pahala pa kuandika lango la kutokea nje. Nikaona, vipi pabaki patupu? Skuli ukiacha patupu, mwalimu anakata maksi. Nikapajaza namba ya mashine. Basi kila kinachotaka kwenda Mkoani kinatolewa uani, kinakwenda kugonga makuti."

Laila akacheka mpaka nesi akamwambia atulie. "Na sasa?"

"Sasa nafuta. Patupu ndiyo sawasawa yake."

Akafuta. Akaiomba tena ile mistari. Ya kwenda nje ikawa njia moja tu. Akauchomeka waya. Picha ikakaa. Pembeni ya picha ukatokea uso wa daktari, miwani puani.

"Assalamu alaykum. Nawaona sasa."

Daktari akatazama, akamwambia nesi ashuke kidogo, apande, arudie.

"Bi Laila, limekaa chini kweli. Usivuke tena. Siku ikikaribia uje huku Mkoani tukupangie upasuaji, na ukiona hata tone la damu usingoje. Mtoto mwenyewe mzima, anacheza."

Laila akaelekeza uso ukutani. Alimlilia mama yake aliyekuwa akimngoja Kojani, akalia pia kwa kujua ilivyobaki kidogo tu arudi na shaka yake. Shadya akachukua kitambaa, akamfuta taratibu ute wa mashine tumboni, kazi ya nesi, wala hakutumwa. Alipomaliza hakuondoka.

"Dada, nina ombi."

"Sema yakhe."

"Ukishavyaa, kabla hujarudi kwenu, mpitishe mtoto hapa. Mie wote nawaona humu kiooni, vijivuli vitupu, na hajarudi hata mmoja nikamjua sura. Huyu naomba nimpakate."