Dada Aliyeandikwa Mke: Fundi Makochi Sasa Yuko Huru Kuoa

Asubuhi, jua bado halijafika kibarazani, na Fundi Spongi amepiga magoti mbele ya kochi la watu wawili, misumari midogo ameibana midomoni. Anavuta kitambaa, anagonga, anavuta tena. Mpita njia anasimama kuulizia bei.

"Hilo haliuzwi," anajibu bila kuinua kichwa. "Hilo la bwana harusi."

Bwana harusi ni yeye mwenyewe, na ujana ulishampita. Kilichomchelewesha si mahari. Ni kwamba kwa miaka kumi na tisa, kwenye kumbukumbu za serikali, alikuwa mume wa dada yake. Naam, dada wa tumbo moja.

Walivuka mpaka wakikimbia vita, dada akiwa na kichanga mgongoni na msiba wa mumewe ukiwa bado mbichi. Kwenye meza ya kuandikisha wageni, karani aliwauliza kama ni familia moja. Fundi akaitikia. Karani akajijazia mwenyewe yaliyobaki: mume, mke, mtoto.

Waligundua kosa hilo siku ya kugawiwa vyumba. Wanaume wasio na wake walipelekwa kambi nyingine, mbali. Wao wakapewa chumba kimoja.

"Ningesema nini?" anauliza fundi. "Nimwache dada na mtoto mchanga peke yao, eti kwa sababu karani kakosea? Nikauchuna."

Kuuchuna huko kukaendelea. Kila kadi mpya ilinakiliwa kutoka ya zamani, na walipoomba uraia hofu ikazidi: wakifungua mdomo wataonekana waongo, wote watatu wakose.

Wakati huo fundi alishampenda mama anayemuuzia vitambaa vya makochi, mwanamke asiyeishiwa utani. Kila alipopita kwenye kibanda cha fundi alimwuliza dada, anayeshona mito hapo hapo, "Bi mkubwa hajambo? Mume wetu kaamkaje?"

Walicheka hadi siku walipokwenda kuandikisha ndoa, wakidhani kosa la kambini halitawazuia. Dirishani wakaambiwa bwana ana mke tayari.

"Utani wote uliniisha," anasema muuza vitambaa. "Nililia njia nzima."

Mwaka jana uraia ulitoka. Mpwa wa fundi, yule kichanga wa mgongoni, sasa mwanamke mzima, hakumpa nafasi ya kupumua. "Mjomba, sasa wewe ni mwananchi kama wao. Nenda ukaseme."

Akaenda na dada, hati za kiapo mkononi, pamoja na jirani wa zamani aliyewajua tangu utotoni. Mkuu wa ofisi ya kumbukumbu, mama wa makamo, alisoma kisha akavua miwani.

"Kwa hiyo huyu hujawahi kumwoa?"

"Mama, huyu tulikuwa tunagombania ukoko!"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Mama yule alipotulia, alimwambia neno alilolisubiri miaka yote: "Uraia wako hauguswi, baba. Aliyekosea ni karani wetu."

Fundi anasema alishusha pumzi hadi akaona aibu. Wiki chache baadaye kumbukumbu mpya zikatoka. Yeye hana mke. Dada yake ni mjane, na kwenye nafasi ya baba wa binti limeandikwa jina la marehemu.

Hapo dada anaacha kushona. "Mume wangu hakuwa popote, kama vile hakuzaliwa. Siku ile nililisoma jina lake kwa sauti, na mwanangu akalirudia."

Ndoa itaandikishwa mwezi ujao, dirisha lile lile. Wakishatulia, fundi anataka kuongeza kibanda ili mkewe auzie vitambaa hapo hapo. Shahidi wa kwanza wa ndoa atakuwa dada.

"Nimemtunza miaka kumi na tisa," anamtania wifi yake mtarajiwa. "Nakukabidhi akiwa mzima. Asirudishwe!"

Fundi anagonga msumari wa mwisho. Anakaa upande mmoja wa kochi, kisha anaupiga upande wa pili kwa kiganja, akimwashiria muuza vitambaa aje akae.

"La wawili," anasema. "Hata serikali inajua."