Jeneza la Stelingi

Niliondoka Malaba asubuhi bila mpango wowote. Taya la kushoto lilikuwa limevimba, na mfukoni nilibeba jino langu nililolifunga kwenye karatasi, sijui la nini. Malori yalikuwa kwenye foleni kama kawaida. Madereva walikuwa wakipiga mswaki kando ya magurudumu. Mmoja aliponiona akatema povu.

"Dijei! Si ungefufuka tu kama yule mwenzako?"

Wengine wakacheka. Kila nilipofungua mdomo nilionja damu.

Nilikuwa nimekaa Malaba miezi minane, na kwangu huo ni muda mrefu. Shule niliiacha darasa la saba, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kutaka kuona kilicho mbele ya kona. Pale mjini nililala kwenye benchi la nyuma la kibanda cha video cha mama mmoja mjane, na kodi ya benchi ilikuwa sauti yangu. Sinema zilitufikia kwa flashi kutoka upande wa Uganda, zikiwa za Kiingereza. Mimi niliketi kando ya skrini na maikrofoni, nikizitafsiri papo hapo. Dijei haitazami sinema kabla ya watu. Akiitazama kabla, mshtuko wake unakuwa wa uongo, na watu wanausikia uongo huo. Kiingereza changu kilikuwa nusu. Nusu ya pili niliitunga.

Waliotazama walikuwa madereva na matanboi wao, wale wasaidizi wa lori, watu wazima wanaongoja karatasi za mizigo mchana kutwa, wengine siku tatu, wengine tano. Sheria yao ilikuwa ile ambayo kila mtu anaijua tangu utoto: stelingi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, lakini mwisho adui ndiye atakayelala.

Kisha wakaja mastelingi wa barakoa, wale wanaoruka na kubeba majengo. Mwanzoni watu waliwapenda mpaka wakaumizana. Nilimwona mtu akichanwa sikio kwa kizibo cha soda akigombea nafasi ya mbele. Lakini sinema hizo hazikuisha. Kila moja ilizaa nyingine, na kila stelingi aliyekufa alirudi.

"Dijei, huyu amekufa mara ngapi sasa?"

"Dunia imeokolewa mara saba, na foleni haijasonga hata lori moja!"

"Mwambie aje aokoe karatasi zangu!"

Siku moja mtu alirusha gunzi la mahindi likagonga skrini. Siku nyingine madereva wawili walipigana katikati ya sinema. Mmoja alitaka tuweke ya zamani, ya mtu mmoja na panga lake. Mwenzake alikuwa amengoja ile ya barakoa wiki nzima. Waling'atana. Mama alitoa rungu lake chini ya meza akawatenganisha, na kucha ya mmoja ikabaki sakafuni. Baada ya hapo mabenchi yakaanza kukaa matupu.

"Wakipungua tena nafunga," mama aliniambia akifagia. "Nitauza mitumba hapa. Na wewe utafute kwa kulala."

Wakati huo ndipo kilipokuja kionjo cha sinema mpya, kubwa, iliyokuwa ikingojwa kila mahali. Kilikuwa cha dakika mbili tu. Kilionyesha jeneza, barakoa imewekwa juu ya kifuniko, na mwanamke akilia. Nilikicheza mchana, mbele ya watu sita. Mmoja wao alikuwa dereva mzee, mkubwa wa mwili, wa safari za Kongo, ambaye kwa kawaida alisinzia. Hakusinzia. Sote tulijua habari yake. Tanboi aliyesafiri naye miaka kumi na mmoja alikuwa amebanwa chini ya tela lililoserereka kwenye mteremko, na mzee ndiye aliyemvuta, kipande kwa kipande. Hakuchukua mwingine. Tangu siku hiyo alisafiri peke yake.

"Dijei," aliniuliza, "huyu akifa, amekufa?"

"Amekufa, mzee."

"Si arudi tena baadaye, ati alikuwa amelala? Wangu alikufa mara moja tu."

Mama alikuwa mlangoni, akinitazama. Nikalamba kidole, nikakigusisha sakafuni, nikakielekeza juu. "Haki ya Mungu moja. Huyu harudi. Akirudi, nipigeni mimi."

Niliapa hivyo juu ya sinema ambayo sikuwa nimeiona.

Habari ilikimbia foleni nzima. Siku ya kuionyesha, saa nane mchana, mabenchi yalijaa na watu wakasimama ukutani. Hawakuja kuona mtu akiruka. Walikuja kuona mtu akifa na kubaki amekufa. Mzee wa Kongo aliketi mbele. Alikuwa ametoka kubadilisha gurudumu, na spana yake ndefu ilikuwa kati ya magoti.

Stelingi alikufa vizuri. Alivunjwa mgongo, akatoboka kifua, jengo likamwangukia. Jeneza lilipotokea, niliacha Kiingereza kabisa, nikazungumza kama tunavyozungumza kwenye matanga yetu: ndugu yetu, umetuachia watoto, umetuachia njia, nani sasa atafunga kamba za turubai? Mzee akasimama, akavua kofia. Mabega yake yalitikisika. Nyuma yake wanaume walifuta macho kwa mikono yenye grisi.

Majina ya waigizaji yakaanza kupanda kwenye skrini. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kuzima. Sinema hizi zina tabia, na niliijua: majina yakiisha, kuna kipande kidogo kimefichwa. Ningebonyeza, watu wangetoka na msiba wao, na mimi ningebaki na benchi langu. Sikubonyeza. Nilitaka kuona.

Ndani ya jeneza, kidole kikacheza.

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa sauti. Mzee hakugeuka.

"Mwambie alale," aliniambia.

"Mzee?"

"Mwambie arudi chini! Alale!"

"Mzee, ni sinema tu."

Spana ilipiga skrini kwanza. Kisha ikanipata mimi tayani, ikiwa imeshapoteza nguvu kidogo, la sivyo nisingekuwa hapa kuandika. Nilianguka juu ya spika. Wengine wakaingia kwenye vurugu, nadhani hata hawakujua kwa nini. Mabenchi yalipasuliwa yakawa marungu. Mtu alikanyaga mkono wangu, mwingine akanipiga teke la mbavu akisema, "Uliapa! Si uliapa!" Ukuta wa mabati ukang'oka. Mama alimvunja mmoja kifundo cha mkono, mimi nilisikia, kama ukuni mkavu. Mzee alikuwa amekaa chini katikati ya vioo vya skrini, kofia mkononi, akilia kwa sauti ya juu, na hakuna aliyemgusa.

Walipokwisha kutoka, mama alinimwagia maji usoni.

"Kwa nini hukuzima?"

"Nilitaka kuona."

"Haya. Umeona?"

Nililala kwenye kipande cha benchi kilichobaki, na alfajiri alinipa shati langu, akaninyooshea barabara.

Nilitembea hadi Chakol, kisha mkokoteni wa mihogo ukanisogeza. Busia nilikuta foleni nyingine na vibanda vingine, nikapita nikitazama chini. Jioni haijafika, pikapu tupu inayokwenda ziwani kuchukua omena ilinishusha Funyula, nikinuka samaki ambao sikuwaona. Kulikuwa na nyumba ya wageni nyuma ya duka la mbegu. Mwenyewe, mwanaume mwenye kaptula, alikuwa kaunta akitazama simu. Niliijua ile sauti kabla ya kuiona picha: jeneza, barakoa, mwanamke akilia.

"Karibu, boss. Mbona hiyo sura?"

"Mlango," nilisema.

"Pole. Chumba kiko, cha mwisho karibu na tangi." Akaninyooshea ufunguo, macho yakiwa bado kwenye simu. "Hii nitaipata Jumamosi. Wanasema safari hii amekufa kweli. Wewe umeiona?"

"Nimeiona."

"Usiniambie! Aa, niambie. Amekufa?"

Nilishika taya kwa mkono ili liweze kusogea.

"Majina yakianza kupanda," nilimwambia, "zima."

Akanitazama sasa, ufunguo ukiwa kati yetu. Nikauchukua, nikamwomba maji ya moto na chumvi.