Nyuzi Alizoleta Mukandori

Pale sokoni Kamembe, ukitaka kumkasirisha Harerimana, mwambie cherehani chako kimeshindikana. Ataacha chai yake ipoe, aje na bisibisi, na hataondoka mpaka kishone. Alizaliwa Bukavu kwa wazazi Wanyarwanda, akajifunza ufundi hukohuko, mtaa wa Kadutu, na mwaka wa tisini na tano akavuka mto Ruzizi kuja Kamembe, kurudi nchi aliyokuwa akiijua kwa masimulizi ya mama yake tu. Alivuka na vitu viwili vya maana: sanduku la bisibisi na gitaa jekundu la umeme. Mke hakuwa naye. Marehemu alibaki kwenye makaburi ya Bukavu.

Hilo gitaa, jamani, lilikuwa na mambo yake. Nyuzi za dukani zilikuwa adimu, kwa hiyo Birindwa, rafiki yake wa Bukavu, alifumua waya za breki za baiskeli, akazifunga kwenye gitaa. Waya zilikuwa nzito, zikavuta shingo ya gitaa mpaka ikaanza kupinda. Birindwa akashika ufunguo wa nati, akafanya anayoyajua mwenyewe, shingo ikanyooka. Harerimana hakuuliza alichofanya. Akalipiga gitaa lile miaka na miaka, na kila Jumapili kwaya yao pale Kamembe ilimtegemea yeye.

Mwaka wa tisini na tisa akapenda. Mukandori alikuwa mshonaji, mjane, mwenye sauti ya kwanza kwenye kwaya na mdomo usiomwogopa mtu. Harerimana alimtengenezea cherehani mara nne kwa mwezi mmoja, tena kikiwa kizima, mwishowe akajikaza akamwomba waoane. Mukandori akasema atafikiri. Wiki ileile akaenda Kigali kununua vitambaa, akarudi na pakiti ya nyuzi za gitaa, za kweli, zinang'aa, akamwekea mezani. Harerimana karibu apae kwa furaha. Kwake hiyo ilikuwa nusu ya jibu.

Akazifunga siku hiyohiyo. Akapiga. Zzzzz!

Haikuwa sauti ya gitaa, ilikuwa ya nyuki waliochokozwa. Nyuzi zilikuwa zinagonga vile vyuma vidogo vilivyolazwa shingoni, hasa karibu na kichwa. Akainua kidogo kile kidaraja zinapokalia nyuzi. Huku chini zikatulia, kule kichwani nyuki wakaendelea na kazi yao. Jumapili ya kwanza akasingizia spika. Ya pili, umeme. Ya tatu akasema ni unyevu wa ziwa lililo chini ya mji, na mzee mmoja wa kanisa akamwuliza kwa upole kama ziwa limehamia Kamembe wiki hii. Harerimana akacheka na wenzake huku ndani anaungua. Angemwambiaje mwanamke ambaye jibu lake analisubiri kwamba zawadi yake ndiyo imeleta balaa? Na Birindwa wa kuulizwa hakuwapo. Vita vya pili vya kule ng'ambo ya mto vilikuwa vimemtoa Bukavu na hakuna aliyejua alikoelekea. Harerimana alimkumbuka rafiki yake kwa uchungu, kisha akamlaumu kidogo kwa kutomwachia maelekezo.

Wiki ya nne akaamua kudanganya. Atarudisha waya za breki, atazisugua kwa msasa zing'ae, na Mukandori hatajua. Jumamosi asubuhi akarudishia mlango wa kibanda chake, akasahau kwamba hauna komeo. Mukandori akaingia kufuata mkasi wake aliouleta kunolewa, akamkuta waya mkononi, msasa mapajani.

Harerimana akaanza kueleza kwamba nyuzi mpya nazo huhitaji kupumzishwa. Akaeleza kirefu. Mukandori akavuta kiti, akakaa, akamwacha amalize.

"Papa Harerimana," akasema, "ile nyuzi yangu inalia mubaya. Nilisikia tangu siku ya kwanza. Miye naimbaka pembeni yako, si niko na masikio?"

Aibu ikamshika. Akakiri yote, spika, umeme na ziwa. Akasema nyuzi ni nzuri ila gitaa limezikataa, na kwamba alinyamaza kwa kuogopa kumkosa. Mukandori akamwuliza jambo jingine kabisa.

"Mashine yenye ilikuwa inashona jinzi, ukiiletea kitambaa chepesi, kinakunjamana. Unafanyaka nini?"

"Nalegezaka skurubu," akasema Harerimana, na papo hapo akaligeukia gitaa.

Maneno hayo aliwaambia wateja kila siku ya Mungu! Waya nzito zimeondoka, lakini shingo bado iko vile Birindwa alivyoikaza kushindana nazo, kwa hiyo imejipinda kinyumenyume na kuzifuata nyuzi nyepesi. Akasema yeye ni mjinga, na Mukandori hakumbishia.

Wakafungua kifuniko kidogo cha plastiki pale kichwani. Ndani, kwenye ncha ya fimbo ya chuma inayopita katikati ya shingo, kulikuwa na nati. Harerimana aliogopa kwelikweli, maana shingo ikipasuka, Kamembe hakuna ya kununua. Akalegeza robo mzunguko, akaziweka nyuzi sawa, akapiga. Nyuki walipungua. Robo nyingine. Mukandori akabana uzi mnene kwenye chuma cha kwanza na cha mwisho kama alivyoelekezwa, na Harerimana akajaribu kupitisha chini yake, katikati, karatasi nyembamba ya kukatia mitindo. Kabla ya hapo uzi ulikuwa umelala juu ya vyuma. Sasa karatasi ikapita. Akapiga chuma kwa chuma toka kichwani mpaka chini, na kila sauti ikatoka safi. Alifurahi mpaka akasahau kwamba kuna jibu analolingoja.

Mukandori hakusahau. Akamwambia jibu alikuwa nalo tangu Kigali, ila aliposikia gitaa linalia vile na mwanaume anatafuta visingizio, akalizuia. Jumapili tatu nzima alikuwa anamngojea aseme.

"Muntu mwenye anaogopa kuniambia nyuzi inalia mubaya," akasema, "siku chumvi itazidi mu mboga, ataniambia?"

Harerimana akaapa kwamba atasema. Na kwa kuwa alikuwa na hamu ya kuanza maisha ya ukweli palepale, akaongeza kwamba ule wimbo wa pili Mukandori huuanza juu mno, kwaya nzima inahangaika.

Mukandori akainuka, akachukua mkasi wake.

"Kesho kisha kanisa, uende Gitambi kwa kaka yangu Kamali," akasema. "Umwambie nimekubali. Na ile ya wimbo usimwambie muntu."