Mama Mteremko, mpagazi aliyekataa kuuita mfereji handaki

Saa tatu asubuhi, ukungu unaanza kuliachia bega la mlima. Vijana sita walio likizo wameketi juu ya mabegi yao. Mmoja amevua kiatu kipya, anakagua lengelenge kisiginoni. Mbele yao amesimama mwanamke mfupi wa miaka arobaini na saba, kofia ya sufu kichwani, beji ya bluu kifuani.

"Mama, bado mbali?" anauliza mwenye lengelenge.

"Mbali ni kwa anayeuliza, mwanangu. Bandika plasta, funga kiatu."

Wenzake wanacheka. Kisha mama anawaita wachungulie mtaro wa mawe bapa unaozunguka ukingo wa mlima hadi kupotelea kwenye ukungu. Hauna saruji. Waliopanga mawe hayo waliishi huku juu karne nyingi zilizopita, na hawakuacha maandishi yoyote.

"Huu ni mfereji wa maji," anawaambia.

Kuruhusiwa kuitamka sentensi hiyo mbele ya wageni kulimgharimu mitihani mitatu.

Kazini humwita Mama Mteremko. Leo ni jina la heshima, lakini lilipoanza lilikuwa la kumcheka. Kwa miaka kumi na moja alikuwa mpagazi, kilo ishirini mgongoni, saa tano za kupanda kutoka langoni hadi kambi ya juu. Mumewe alifariki mabinti wao wawili wakiwa wadogo, na mabegi ya wageni ndiyo yaliyowasomesha. Kanuni ilikuwa moja: mpagazi hubeba, hasemi. Kusema ni kwa waongozaji wenye beji, na wao waliwaambia wageni kwamba mtaro ule ni handaki la vita.

"Nilikuwa nasikia, nameza," anasema. "Baba yangu alichimba mifereji ya bustani maisha yake yote. Tangu nina miaka tisa namfuata na jembe. Alikuwa akisema, maji hayabembelezwi, yanaonyeshwa njia. Nilipouona mtaro huu siku ya kwanza, nilijua ni kazi ya mtu kama baba. Handaki gani linafika magotini? Mpiganaji ajifiche nini, miguu?"

Alipoomba kufanya mtihani wa waongozaji, swali la mtaro lilikuwemo. Akaandika "mfereji". Akaanguka. Mwaka uliofuata akaandika vilevile, akaeleza na habari za mteremko, akaanguka tena. Mwongozaji mkuu alilisoma jibu lake kwa sauti mbele ya wapagazi wote, na jina likazaliwa palepale.

Anayeanguka mara tatu haruhusiwi kurudi. Mdogo wake, fundi mwashi, alimsihi: "Dada, andika wanachotaka. Ukishapata beji, sema unachojua."

"Nikianza na uongo ili nipate beji," alimjibu, "huo uongo nitauacha lini?"

Miezi miwili kabla ya mtihani wa tatu, walikuja wanafunzi wanane wa chuo kutembelea nyanda hizo za juu. Mwongozaji wao aliugua tumbo wakiwa kambini na kulazimika kupumzika siku mbili. Vijana wakabaki wakizungukazunguka. Binti mmoja alimkuta mpagazi ameinama kwenye mtaro, akamuuliza anatafuta nini.

"Nilijua nikifungua mdomo naweza kufukuzwa," anakumbuka. "Lakini yule mtoto aliuliza kwa adabu. Na mimi nilikuwa nimechoka kumeza."

Akawaeleza. Hawakubisha, ila walitaka ushahidi. Kesho yake akateremka alfajiri hadi kwa mdogo wake, akarudi na mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule ambao mafundi hutia maji kupima kama msingi umelala sawa. Akawafundisha: mmoja ashike ncha huku, mwingine kule, maji yatulie, kisha mpime kutoka kwenye maji hadi sakafu ya mawe. Aliwakataza kuchimba. Walifagia majani tu.

Walipima sehemu arobaini na moja. Kila hatua kumi na tano, sakafu ilishuka kwa upana wa vidole viwili. Mlima ulipoinuka, mtaro haukuinuka nao, uliuzunguka. Jioni, wakiufuata kuelekea juu, wakafika penye kijito, na hapo wakakuta mawe mawili makubwa yamesimamishwa kama miimo ya mlango, pale maji yalipoingilia.

"Kijana mmoja alikaa chini, akayapapasa mawe yale," anasema. "Nami nililia. Nilimlilia baba."

Binti yule alipeleka vipimo kwa mhadhiri wake wa historia. Wiki tatu baadaye mhadhiri akaja na vyombo vyake, akapima kwa siku nne, akafikia jibu lilelile. Ofisi ya hifadhi ikang'oa kibao cha "handaki".

Katika mtihani wa tatu, Mama Mteremko aliandika neno lilelile aliloandika mara mbili. Akawa wa kwanza kati ya watahiniwa ishirini na watatu. Aliyemvisha beji ni mwongozaji mkuu mwenyewe.

"Nimewadanganya wageni miaka kumi na sita bila kujua," mzee huyo anakiri leo. "Nilimwambia, dada yangu, nitembeze na mimi, nianze upya. Alinitembeza kutwa nzima, na hakunicheka hata mara moja."

"Nilicheka nilipofika nyumbani," anasema Mama Mteremko.

Sasa kila Jumapili anawafundisha wapagazi wanne wa kike kwenye baraza ya ghala la mahema. Mwezi wa tisa wote watafanya mtihani, naye sasa ni mmoja wa wasahihishaji. Wiki iliyopita aliwaeleza kuhusu maboma madogo ya mawe yaliyo kileleni, kwamba yalikuwa mazizi. Mdogo kuliko wote akanyoosha mkono: "Samahani, mama, mimi sikubali. Milango yake ni myembamba, ng'ombe hapiti. Nadhani walihifadhi nafaka."

Mama Mteremko alipanda naye kwenda kutazama. Alipita mlangoni ubavuubavu, begi likakwama.

"Nafikiri yuko sahihi," anasema, uso umemchangamka. "Nimemwambia aandike hivyohivyo. Na safari hii, watakaposahihisha, nitakuwepo mezani."