Mama Anas na Jozi ya Tatu

Mwaka 2003 meneja wetu alirudi kutoka kikaoni na wazo, na wazo la meneja huwa kazi ya mtu mwingine. Kutakuwa na mashindano ya kitaifa ya kuteleza kwenye barafu kwa jozi, mwanamume na mwanamke. Kitaifa, alisema bila kucheka, ingawa uwanja wa barafu tulioujua Oman nzima ulikuwa huu wetu hapa Muscat, ndani baridi ya kutetemesha meno na nje jua la kuchoma ngozi. Mimi nilikuwa nakata tikiti na kupiga chapa barua. Akaniambia, "Velma, andika karatasi ya kubandika mlangoni. Jozi zipi zinashindana, nani ana nafasi ya kushinda." Basi mtu wa Kakamega, ambaye barafu aliijua kwenye glasi ya soda, akageuzwa mchambuzi.

Kulikuwa na sharti moja kubwa. Katika mchezo huu watu hushikana, na mwanamume humwinua mwanamke juu. Kamati ikaamua kwamba jozi ziwe za watu ambao ni halali kushikana: mke na mume, au ndugu. Wengine wote wakaangalie kutoka vitini.

Jozi ya kwanza ilikuwa rahisi kuandika. Injinia Sleyum na mkewe walijifunza kuteleza walipokuwa masomoni Ulaya. Miguu yao mizuri, midomo yao mibaya. Waligombana wakienda mbele na wakagombana wakirudi nyuma. Ya pili ilikuwa ya Aflah na dada yake Mahbuba. Wepesi hao, ila Aflah alimwinua dada yake kama mtungi wa gesi, na Mahbuba akishuka alimchapa kofi la bega. Yote hayo niliyaandika kwa lugha ya adabu.

Jozi ya tatu ndiyo iliyonichosha. Anas alifanya kazi kiwandani Rusayl, na jioni alikuja kwetu. Rawan alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Hawakuwa ndugu wala hawakuoana. Walikuwa wameteleza pamoja miaka miwili bila kugusana hata ncha ya kidole. Akigeuka huyu, na yule keshageuka. Sisi wafanyakazi tulikuwa tukiacha kazi zetu tukisimama kuangalia, na meneja naye akisahau kutufokea. Wangeruhusiwa kushikana, ushindi ungekuwa wao, hilo halikuhitaji mchambuzi.

Na dawa ilijulikana. Anas aliitaja mbele yangu, akiwa ameegemea kaunta ya viatu ya wanawake, ambako mama yake ndiye aliyekuwa msimamizi.

"Mama, nenda kaniposee Rawan. Tufungishwe nikaha sasa, harusi baadaye. Babake hana neno, nshamuuliza."

"Goti linan'uma leo," akasema Mama Anas.

Jina lake hasa lilikuwa Mahfoudha. Alizaliwa Unguja, akaletwa Oman akiwa msichana, akaambiwa amerudi kwao, mahali ambapo hakuwahi kupaona. Akajifunza Kiarabu cha hapa akiwa jikoni kwa mama mkwe. Mume alifariki mapema akamwachia Anas peke yake, na uwanja ulipofunguliwa alikuja kuomba kazi kwa sababu alisikia kuna kiyoyozi. Hilo alilijutia. Alivaa soksi juu ya soksi, koti la marehemu juu ya abaya, na siku nzima alipokea viatu vyenye unyevu, akafuta vyuma vyake, akavipanga rafuni, akavitoa tena. Barafu yenyewe hakuwahi kuikanyaga. "Barafu ya sharbati," alikuwa akisema. "Mungu hakuiweka watu waipande." Nilimpenda sana mama yule. Alinifundisha kupika wali usioshikana, na nilipofiwa na baba yangu kule nyumbani, ndiye aliyekaa nami kwenye benchi hadi zamu ikaisha.

Ndiyo maana nilimkasirikia. Juma moja goti, juma la pili presha, juma la tatu mgeni kutoka Nizwa. Siku ya mwisho ya kuandikisha majina ikafika, na Mama Anas alikuwa bado hajavuka kizingiti cha nyumba ya kina Rawan. Nikajisemea, ni yale yale ya akina mama wenye mtoto mmoja wa kiume. Anaogopa kunyang'anywa. Adhuhuri, uwanja ukiwa umefungwa kwa usafi, nikamfuata kaunta.

"Mama Anas, nisamehe, lakini hii si haki. Huyo msichana ana kasoro gani?"

Akaendelea kufuta kiatu. "Hana kasoro. Nnampenda."

"Sasa?"

"Nlimnyonyesha, Velma."

Sikuelewa mara moja. Kwetu kunyonyesha mtoto wa jirani ni wema tu, hautengenezi ukoo. Akanieleza taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo ngazi kwa ngazi. Nasriya, mamake Rawan, alikuwa jirani yake. Alipojifungua aliugua, maziwa yakakauka. Mama mkwe wake alikuwa mkali, tena keshaanza kunong'ona kwamba mwanawe atafutiwe mke mwingine, mzima. Basi Nasriya akawa anampitisha mtoto mlango wa uani, na Mahfoudha, ambaye Anas alikuwa bado ananyonya, akawa anawanyonyesha wote wawili. Mwezi mzima. Desturi ni kutangaza jambo kama hilo, majirani wajue, ili watoto wasije wakaoana. Nasriya alimwomba asiseme. Kisha kina Nasriya wakahama, na Rawan alipokuwa shule ya msingi, Nasriya akafariki.

"Ziwa moja ni ndugu," akasema. "Haram kuoana. Nkinyamaza, ntawatia wanangu katika dhambi. Nkisema, namvunjia ahadi maiti, na Anas namvunja roho. Nlipowaona wanateleza nkajidanganya, nkasema wanacheza tu. Nimechoka, mwanangu. Hata kulala nnachoka."

Niliona aibu. Aliyekuwa na haki ya kushauri alikuwa kaburini.

Alasiri wakaja wote wawili, Anas akiwa na karatasi ya kujiandikisha mfukoni. Mama Anas akawaita. Hakuzunguka. Aliwaambia wakiwa wamesimama mbele ya rafu ya viatu, jinsi alivyoniambia mimi, na akaapa.

"Unazua!" Anas akapaza sauti. "Humtaki, basi! Miaka yote hiyo hukusema, leo ndo unakumbuka?"

"Wallahi, Anas. Kama nnazua, Mungu ataniuliza."

Rawan hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu. "Mama alilia? Alipokuomba usiseme?"

"Alilia, mwanangu. Alikuogopea usije ukalelewa na mke mwenza."

Rawan akaketi kwenye benchi. Kisha akavaa viatu vya barafu, akavifunga kamba vizuri, akasimama, akamnyooshea Anas mkono. Mpaka leo sijui alifanya vile kwa ajili ya nani: ya Anas, ya mamake, au ya huyu mama mwenye koti la kiume.

"Twende, kaka," akasema.

Roho iliniuma kulisikia neno hilo. Anas aliutazama mkono ule, akautazama, mwisho akaushika. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Wakaingia uwanjani.

Na hawakuweza. Wale wawili tuliokuwa tukiacha kazi kuwaangalia, sasa halali ya kushikana imepatikana, walikuwa wakipishana hatua. Anas akageuka kabla yake, Rawan akavutwa, wakagongana, wakaanza tena. Kwenye kona Anas akaanguka kwa magoti, na hata hapo Rawan hakumwachia.

Nilimgeukia Mama Anas. Alikuwa amesimama nyuma ya kaunta, machozi yanamtiririka bila kuyafuta, kiatu cha mtoto mkononi.

"Watazoea," akaniambia. "Watafanyaje? Itabidi wazoee."