Wifi Yangu na Dawa ya Kahawia

Wifi yangu ni mwoga, na sisemi hivyo kumsengenya, mwenyewe anakubali. Anaogopa mbwa, anaogopa ngazi, anaogopa mlango uliofungwa na ule ulioachwa wazi. Tangu niolewe na mdogo wake sijamwona akinywa chai bila kuinusa kwanza. Kazini walimwita Mama Taratibu, na aliyelieneza jina hilo ni mume wangu mwenyewe. Basi mtu wa namna hiyo, kati ya kazi zote zilizojaa duniani, akapewa kutia dawa kwenye mtambo wa maji.

Sote watatu tulikuwa tunatafutia riziki pale pale. Mimi nilikaa getini, mume wangu alikuwa fundi wa pampu, yeye mtia dawa. Maji ya mto yakiingia yana rangi ya udongo, na udongo ule hautui hata ungoje wiki, maana chembe zake ni ndogo mno na kila moja inaisukuma nyenzake. Dawa ya kahawia, ambayo vitabuni inaitwa kloridi ya chuma, ndiyo inayozipatanisha. Ukiitia kwa kiasi chake chembe zinashikana, zinakuwa mabonge laini kama pamba, yanazama, na juu yanabaki maji ya kutazamika. Ukizidisha, maji yanakuwa makali na mekundu. Ukipunguza, watu wanakunywa tope. Mwisho kabisa maji hutiwa dawa nyingine, ile ya klorini, jamaa wa dawa ya kung'arishia nguo, ili kuua vijidudu.

Hiyo ya kahawia ina ukorofi wake. Ikidondokea nguo, doa lake ni kama kutu, na ukifua utachoka wewe. Inakula chuma, inakula shaba. Mafundi redio huinunua kidogo kidogo wapate kuchonga njia za umeme kwenye vibao vyao vya shaba. Kwa sababu hiyo tangi lake ni la plastiki. Wifi aliwahi kudondosha humo pete yake ya ndoa, na ilipoopolewa ilikuwa imeliwa nusu. Ndipo ukoo mzima ulipojua kwamba ile dhahabu ya mumewe ilikuwa shaba iliyopakwa rangi.

Kila gari la dawa lilipofika, wifi alichota sampuli, akaidondoshea kwenye msumari, akanusa kwa mbali, ndipo akafungua kufuli kwa mkono wake na kusimamia mpira wa kumiminia dawa ukifungwa. Madereva walimchoka. Walimcheka mbele yake, naye aliwajibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, akaendelea na msumari wake.

Siku ya mkasa mvua ilikuwa imenyesha sana huko mto unakotoka. Maji yaliingia mazito kama uji. Wifi alikuwa chumba cha vipimo, akijaribu gilasi baada ya gilasi kutafuta kiasi kipya, na tangi la kahawia lilikuwa limekaribia kukauka. Gari likafika. Akataka kutoka kwenda kulipima, mkuu wa zamu akamwambia mji mzima unangoja maji naye anacheza na misumari. Ampe dereva ufunguo. Watu wakacheka. Wifi alisimama na ufunguo mkononi, kisha akautoa. Alikuwa amechoka kuchekwa, nadhani. Hata mwoga ana siku yake ya kutamani kufanana na wenzake.

Sasa, midomo ya kujazia matangi ilikuwa miwili, imepangana ukutani, na ufunguo mmoja ulifungua yote. Mdomo wa klorini ulikuwa umepakwa rangi nyeupe. Lakini juma lililotangulia mpira ulivuja hapo, na dawa ya kahawia ikauchafua wote. Dereva akaona mdomo wenye madoa ya kahawia, akajua ndio huo. Mtu yeyote angejua hivyo.

Dawa hizi mbili hazikai chumba kimoja. Ya kahawia ina asidi, na asidi ikiigusa ile ya klorini, inaifukuza gesi iliyojificha ndani yake. Mimi sikuyajua hayo. Nilichokiona kutoka getini ni wingu la rangi ya limau bichi likimwagika kutoka tangini. Halikupanda juu kama moshi. Lilishuka, likatambaa sakafuni kama kitu chenye macho, likaelekea shimo la pampu.

Mume wangu alikuwa ndani ya shimo, akizibua tope.

Dereva alikimbia akaacha pampu ya gari inasukuma. Watu wakatawanyika. Wifi alitoka chumba cha vipimo, na uso wake siwezi kuusahau, ulikuwa umeishiwa damu. Barakoa za gesi zilikuwa kwenye kabati ambalo wingu lilikwisha kulifunika. Alivuta pumzi moja, akaingia pembeni mwa lile wingu, akafunga valvu ya gari, akarudi anatapika. Kisha akazunguka upande upepo unakotoka, akapiga kelele kuelekea shimoni.

"Usilale! Panda juu! Usilale chini!"

Maana tulifundishwa sote mazoezi ya moto: moshi unapanda, kwa hiyo lala, tambaa. Naye mume wangu, kwa utii wake wote, alikuwa amelala. Tulimsikia akikohoa chini kule. Kikohozi kikawa kidogo. Kikakoma.

Mimi nikakimbilia ngazi. Sikufika. Wifi alinidaka gauni, nikamng'ata mkono, hakuniachia. Aliniangusha akanikalia juu, yeye anayeogopa hata kuku. Nilimtukana matusi ambayo mtu hamtukani wifi yake. Nilimwambia ni mwuaji. Yeye hakuita tena, alinikandamiza tu uso ukitazama pembeni. Tulikuwa na watoto wawili shuleni, na nilichokuwa nawaza ni nani atakwenda kuwachukua.

Kisha tukaona mkono kwenye ngazi. Alikuwa amepanda macho yamefumbwa, kipago kwa kipago, akaanguka nje akiwa rangi ya majivu. Watu wakambeba upande wa upepo, wakammwagia maji.

Hospitali walimwekea hewa ya mtungi. Tulikaa nje kwenye benchi, wifi na mimi, mkono wake umefungwa bendeji pale nilipong'ata. Nilimwomba radhi. Nilimwambia laiti ningejua kwamba alikuwa na imani mdogo wake atatoka, nisingemtukana vile.

Aliikaza bendeji mkononi.

"Wifi, sikuwa na imani yoyote," akasema. "Kikohozi kilipokoma, nilikwisha kumzika. Nikasema moyoni, ameshakwenda, nimebakiwa na wewe tu wa kushika."

Mume wangu alipona, ingawa akipanda kilima sasa hupumua kama mzee. Midomo ya matangi siku hizi ina kufuli tofauti na imetenganishwa kwa ukuta, na hakuna anayemcheka Mama Taratibu. Wageni wakija nyumbani, mume wangu hupenda kuwasimulia. Huwaambia kwamba alikuwa ameshakata roho pale chini, ila alijua dada yake yuko juu anamngoja, dada ambaye hakumkatia tamaa hata dakika moja. Na kwamba hilo ndilo lililompandisha ngazi.

Wifi huinuka akaenda jikoni. Mimi huwatazama watoto wangu, ambao wana baba na mama, na sisemi kitu.