R ya Kooni

Kihispania hakikunitesa. Nimekulia Rudewa, jirani na wafugaji, na ile r ya kutetemesha ulimi ndiyo niliyofukuzia ng'ombe wao wakivamia mahindi yetu. Kifaransa ndicho kilichonitoa jasho! R yake inakwaruza kooni, na mimi nilitaka kuongoza watalii Mikumi. Kila asubuhi nilisukutua koo kwa maji ya chumvi uani, nikiigiza sauti ile, mpaka mama akaniuliza kama naumwa mafua.

Siku ya kwanza kazini nikapewa bibi Mfaransa, mvi kichwa kizima. Salamu ya kwao nilikuwa nimeikariri wiki nzima. Aliposhuka kwenye gari nikaona ni rika la bibi yangu, neno likanitoka lenyewe: "Shikamoo!" Kifaransa chote kikayeyuka.

Bibi akanyoosha mgongo, akavuta pumzi.

"Marahaba!"

R yake ilikwaruza kooni, ile ile niliyokuwa naitafuta kwenye kikombe cha maji ya chumvi! Nilitamani kuruka. Akaniambia amejifunza neno hilo kwao, mbele ya kioo, kisha akauliza kwa wasiwasi kama amelikosea.

Mtu mzima ameitikia shikamoo yangu. Nimsahihishe nini?